Adhirasam za Kumbukumbu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alijifunza Kiswahili Tanga, kwa kuwaamuru watumishi. Mume wake alikuwa mhasibu wa shamba la mkonge. Walitoka kusini kabisa mwa India wakiwa maharusi, wakakaa Tanga mpaka watoto wao wawili wakazaliwa, kisha wakahamia London. Kiswahili alichohama nacho kilikuwa cha lete, ondoa, fagia, osha tena. Hakikuwa na naomba, wala asante, wala pole. Mimi ni mtu wa Muheza. Nilipoolewa na mwanawe nikaingia katika nyumba yao ya Queensbury, huko huko London, lugha ile ikapata tena mtu wa kutumwa.

Sisemi kwamba alinichukia. Nilipojifungua binti yangu, alinikanda mgongo kwa mafuta ya ufuta kila asubuhi, kimya, kwa mikono yenye nguvu kama ya mwanaume. Nikichelewa kazini, pale kliniki ya meno ninapokaa mapokezi, nilikuta chakula changu kimefunikwa. Lakini jikoni kulikuwa na mpaka. Wali, dengu, mboga na chapati niliruhusiwa kupika. Vitu vya kuwekwa mbele ya miungu yao, kwenye kijikabati cha kona chenye taa ya mafuta, sikuruhusiwa kuvigusa. Kubwa kuliko vyote ilikuwa adhirasam.

Ni andazi bapa la rangi ya kahawia, la unga wa mchele na sukari guru, linalokaangwa kila Deepavali, sikukuu yao ya taa. Nje linakauka kidogo, ndani linabaki laini, na iliki inakufikia puani kabla hujatafuna. Kila mwaka alizikaanga peke yake, mimi nikiwa upande wa sinki nikiosha alivyochafua. Nikinyoosha mkono hata kumpokea sufuria alisema, "Hiyo acha." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto kwamba moto unaunguza.

Kisha vidole vyake vikaanza kupinda. Baridi yabisi ilimshika mikono yote miwili, akawa hawezi kufungua hata mfuniko wa chupa. Wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa Croydon, alimwambia asijisumbue, maduka yamejaa adhirasam. Akaleta boksi zuri lenye utepe. Mama mkwe alimega kipande, akakitafuna taratibu, akakitema kwenye kiganja.

"Hii gundi," aliniambia mimi, kwa Kiswahili, ili binti yake asielewe.

Siku chache baadaye, asubuhi, mume wangu ameshakwenda kazini na binti yuko shule, aliniita kutoka chini ya ngazi.

"Njoo. Oga kwanza."

"Nimeshaoga, Mama."

"Oga tena."

Nikarudi kuoga. Nilishuka na nywele zinadondosha maji, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya jiko, kanga imetandikwa sakafuni karibu na dirisha na mchele uliorowekwa umetandazwa juu yake. Kanga ile ilikuwa yangu. Hakuniomba, aliichukua tu.

Mimi nilidhani naujua unga wa mchele. Kwetu nimesaga mchele wa vitumbua tangu utotoni. "Hivi si vitumbua," alisema kabla sijafungua mdomo. Mchele wa adhirasam usikauke kabisa, wala usibaki na maji. Ukiufumba kiganjani ushikane, ukiuachia uachane. Nikausaga kwenye blenda kidogo kidogo, nikauchekecha, nikarudia chenga zilizobaki. Kisha sukari guru. Inayeyushwa, inachujwa mchanga, inarudishwa jikoni ichemke, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Unadondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi, unalikusanya kwa kidole. Likitawanyika, bado. Likigonga bakuli kama kokoto, umechelewa. Linatakiwa likusanyike kama kidonge laini, na likae hivyo kwa muda mfupi sana, muda wa kuepua sufuria na kumimina unga.

Mara ya kwanza niliwahi mno. Nilipotia andazi kwenye karai lilipasuka, likatawanyika ndani ya mafuta kama mchanga.

"Umeharibu," alisema. "Mwaga."

Mara ya pili nilichelewa. Yalitoka magumu, tungeweza kuezekea nyumba. Alinigonga nyuma ya kiganja kwa kijiko, si kwa nguvu, akasema nimwage tena. Nililia kidogo pale kwenye karai na sikumficha. Alisubiri nimalize, akanionyesha kwa kidevu mahali ilipowekwa sukari guru nyingine.

Nilipopata, nilijua mwenyewe kabla hajasema. Andazi lilizama, likapanda juu taratibu likiwa zima, likageuka rangi pembezoni. Nikalitoa, nikalibana kati ya miiko miwili bapa mafuta yakachuruzika. Yeye hakuweza tena kubana, kwa hiyo alikaa akitazama mikono yangu. Ndipo akaniuliza nilijifunza wapi kukaa na karai la moto hivyo bila woga.

"Kwa mama yangu. Alikuwa anapika kwenye nyumba ya Wahindi, Tanga mjini."

Nilikuwa sijawahi kumwambia. Mume wangu ndiye aliyenishauri nisiseme, tangu mwanzo.

Nikageuza andazi, nikalitoa, nikalibana.

"Alikula wapi?" akauliza.

"Uani."

Akatazama dirishani, kwenye uzio wa jirani. "Kwetu pia mpishi alikula uani," alisema, kana kwamba walikuwa na mpishi mmoja tu maisha yao yote. Halafu akaniambia nipunguze moto.

Mpaka leo sijui niliweke wapi jambo lile. Haikuwa kuomba radhi. Lakini katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu, hata mume wangu.

Deepavali ilipofika wageni walijaa, wengi wao watu waliokaa Tanga, Moshi na Nairobi zamani. Walikula, wakasifu. Mama mkwe aliinua mikono yake iliyopinda na kusema, "Bado inafanya kazi." Watu wakacheka kwa furaha. Nilikuwa nimesimama na birika la chai. Jioni, tukiwa wawili jikoni, aliniambia kwamba shira ilizidi moto kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu, na kwa kweli yalinitosha. Nilielewa kwamba anazeeka na hataki kuonekana hawezi. Tukaendelea hivyo miaka yote iliyobaki, mimi nikikaanga, yeye akiwa kwenye kiti chake akinirekebisha. Mume wangu alijua. Yale yaliyovunjika aliyala yeye, amesimama mlangoni na koti mwilini, na aliniambia mara nyingi kwamba yangu yameshinda ya mama yake. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini.

Mama mkwe alifariki majira ya baridi, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Kwa desturi yao, mwaka wa msiba hakukaangwi kitu cha sherehe. Mwaka ulipotimia ikaja siku ya kumbukumbu, ambapo kuhani kutoka hekaluni anakuja nyumbani, na marehemu anatengewa vyakula alivyovipenda. Adhirasam haikosekani. Hakuna aliyeniambia nikaange, wala sikungoja kuambiwa. Nilichukua likizo. Nikaroweka mchele, nikautandaza kwenye kanga ile ile, nikaoga mara mbili nikiwa peke yangu nyumbani. Unga ulilala siku nzima ukanywa shira. Yalitoka vizuri kuliko miaka yote, na nilipoyapanga kwenye sinia nilijikuta nasubiri aseme kuna kitu kimezidi.

Wifi alifika asubuhi kutoka Croydon akiwa na maboksi ya dukani. Aliliona sinia mezani.

"Nani kafanya hizi?" aliuliza kwa Kiingereza, akimtazama kaka yake.

"Mke wangu."

"Mama hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi hii. Unajua hilo. Leo ni siku yake. Vitoke kwenye mikono ya familia, au vitoke dukani."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za ibada, kifua wazi, anasikia baridi. Ilikuwa sentensi fupi tu aliyotakiwa kuitamka. Alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Tusigombane leo, mama watoto. Peleka gereji kwa sasa."

Nikapeleka. Niliweka sinia juu ya mashine ya kufulia mbovu, nikalifunika gazeti.

Ibada ikaenda, kuhani akala, akaondoka. Wageni wakaketi. Kulikuwa na bibi mmoja, rafiki wa mama mkwe tangu Tanga, ambaye mumewe alikuwa mwalimu huko. Alimega ile ya dukani, akairudisha kwenye sahani. "Basi," alisema kwa Kitamili, ambacho cha jikoni nakielewa. "Ule mkono umekwenda. Hatutaonja tena." Akaanza kulia, machozi ya kizee yasiyo na sauti.

Sikuamua. Miguu ndiyo iliyokwenda gereji. Nilirudi na sinia, nikaliweka mapajani pake. Alichukua moja, akatafuna, akafumba macho. Alikula yote. Akachukua nyingine, akaishika kwa mikono miwili.

"Ni yake," alisema. "Ni yake kabisa. Zilikuwa wapi?"

Wifi yangu akamjibu, bila hata kusita, "Kwenye friza, Shangazi. Alituachia."

Bibi akaibusu ile adhirasam. Watu wakanyoosha mikono, kila mtu akataka kipande cha mwisho cha marehemu. Mume wangu naye alichukua. Nilimwona akitafuna huku ameinamisha kichwa.

Nilichutama mbele ya bibi. Nilijua anakumbuka Kiswahili. "Shikamoo, Bibi," nilimwambia. "Hizi nimekaanga mimi, jana. Mama alinifundisha. Na za miaka ya nyuma ulizokula hapa, nazo nilikaanga mimi."

Alinitazama usoni muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno, lugha ilikuwa imemkalia mbali. Kisha akaishusha ile nyingine, ambayo alikuwa ameshaimega, akaiweka ukingoni mwa sahani. Akachukua kitambaa cha karatasi, akajifuta vidole, kimoja kimoja.

"Oga ulioga?" akaniuliza.

Nikamwambia nilioga. Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakuichukua tena.

Wageni walipoondoka, mume wangu alisimama jikoni akipanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa.

"Kwa nini ulilazimika kusema?" aliuliza. "Yule bibi alikuwa na furaha."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Ingebadilisha nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa na hila. Nikamtazama nikaona kwamba hajui kabisa, na kwamba hata nikimweleza usiku kucha hatajua. Nimeishi naye miaka mingi, ni mtu mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana. Ila siku zote nilipokuwa nimesimama mlangoni, yeye alikuwa ndani, na aliona mlango uko mahali pazuri.

Hatukuachana kwa sababu ya andazi, ingawa ndivyo wifi anavyosimulia. Tuliachana taratibu, kwa mazungumzo ya adabu, na mimi nikahamia Barking na binti yangu, kwenye fleti ya juu ya duka la simu. Hapa asubuhi nasikia Kiswahili dirishani, cha Kongo, cha Kenya, cha kwetu, na watu wanasalimiana kwanza kabla ya kutumana.

Kumbukumbu ya mwaka uliofuata ilipokaribia, aliyekuwa mume wangu alinipigia simu. Wifi amejaribu kukaanga mwenyewe, alisema, zimetawanyika kwenye mafuta. Kama ningeweza kuwafanyia kidogo tu, angekuja kuzichukua kwa gari, hakuna haja ya mimi kwenda.

"Hapana," nilimwambia.

"Basi nieleze shira inakuwaje."

"Sijui kuieleza. Nilionyeshwa."

Akashukuru, akakata. Binti yangu alikuwa kwenye kochi na vitabu vyake. Kiswahili anakielewa chote, ila majibu yake ni ya Kiingereza. Aliniuliza kwa nini sikusaidia, kwani zile zilikuwa za bibi yake, si za shangazi.

Ni kweli, mama mkwe angetengewa siku ile boksi la dukani, na nilijua angesema nini juu yake. Nilimwambia binti akamilishe kazi yake ya shule. Siku ya kumbukumbu nilikwenda kliniki kama kawaida, nikapokea simu za watu wanaoumwa meno, na mchana nilikula mkate wa mayai nimesimama, kwenye kijichumba cha nyuma.