Kahawa ya Matanga ya Abu Hatim

Miaka arobaini Fawzan, baba yake Hatim, alikaanga buni katika soko la mji wa Salt, na kwa kikaango hicho akalea watoto watano na kuwaoza wote. Kisha Sabri, muuza kahawa wa duka la jirani, akazusha kwamba Fawzan anachanganya dengu katika buni yake. Uongo mtupu! Lakini lisemwalo sokoni halirudi kinywani. Mwaka haukuisha, duka likafungwa. "Nimestaafu," mzee akawa anawaambia watu, na Hatim kila akisikia neno hilo alitamani kumng'oa Sabri ulimi.

Wiki moja kabla hajafa, mzee aliomba kikaango chake. Akakaa jikoni, blanketi mabegani, akakaanga buni kopo zima.

"Yote hii ya nini, baba?"

"Ya matanga yangu. Sabri atakuja, si jirani? Mmiminie wewe mwenyewe."

Naam, siku ya pili ya matanga Sabri akaja na mkongojo wake, ukumbi umejaa wanaume. Hatim akammiminia. Mnafiki yule hakunywa. Akakiweka kikombe chini. Kwa watu wa Salt, mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na kumnyima ni aibu ya ukoo mzima. Lakini akinywa kabla hajapewa, haja imekwisha, hawezi kuidai tena. Sabri aliyajua hayo, na ndiyo aliyoyajia.

"Sema haja yako, ami," Hatim akasema.

"Msamaha, mwanangu. Sinywi mpaka nipewe."

"Mpe, Hatim," wazee wakanong'ona. "Mgeni huyo."

"Jibu atalipata. Ila kahawa hii kaikaanga marehemu kwa mkono wake, na mjuzi wa dengu hapa ni wewe, ami. Onja kwanza, utuambie."

Macho yote yakamgeukia Sabri. Akikataa, ameitukana kahawa ya marehemu ndani ya nyumba ya marehemu. Akanywa.

"Enhe?"

"Buni tupu."

"Wa mlangoni hawajasikia."

"Buni tupu! Haina dengu. Haijapata kuwa na dengu."

Raha aliyoisikia Hatim hakuipata hata siku ya harusi yake. Akanyoosha mkono, akapokea kikombe kitupu.

"Umeshakunywa, ami. Haja imekwisha."

Akamgeuzia mgongo, akammiminia aliyefuata.