Magunia ya Wifi

Bondeni kule zilibaki nyumba mbili tu zenye watu: ya Mama Cherehani upande huu wa kijito, na ya wifi yake upande wa pili. Nyingine zote zilishabaki kuta. Duka la karibu lilikuwa njia panda, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu. Mgeni akionekana kwa mbali, mbwa walibweka mpaka wakachoka kabla hajafika.

Mama Cherehani alikuwa mjane wa kaka yake huyo wifi. Siku ya maziko, wifi alimshika mkono pale pale kaburini akamwambia, "Tumebaki wewe na mimi. Wa kwanza kuhama ni mwongo." Wakacheka huku wanalia. Tangu hapo, asiyeona moshi wa mwenzake asubuhi alivuka kijito kwenda kuangalia kulikoni.

Mwana wa Mama Cherehani alipojenga mjini alikuja kumchukua. "Nimwache shangazi yako azungumze na mbuzi?" akamjibu. Kijana alimbembeleza mpaka machozi yakamtoka, kisha akaondoka amenuna, na chumba alichomwandalia akampa mama mkwe wake.

Wakati wa mavuno, wifi alileta mzigo wa magunia matupu.

"Niunganishie mawili mawili, wifi, yawe makubwa. Mahindi mwaka huu yamenizidi kimo."

"Mahindi gani hayo yanayolala kwenye godoro?" Mama Cherehani alitania, maana vipimo vilikuwa vya ajabu, virefu kama kitanda.

Wifi alicheka kuliko utani ulivyostahili. Mama Cherehani akashona kutwa nzima kwa uzi wake mwenyewe, sindano ikamvunjikia, akatia nyingine.

Haukupita muda, asubuhi moja moshi haukuonekana. Alivuka mbio, kanga begani, akidhani mwenzake kaanguka. Akakuta lori. Juu yake yamepangwa magunia yale yale, godoro ndani ya moja, masufuria ndani ya jingine. Dereva alikuwa anang'oa mlango wa nyumba. Wifi ameshakaa kiti cha mbele, kavaa viatu vya safari.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kwa binti yangu."

"Umepanga lini?"

"Zamani." Hakumtazama. "Ningekwambia ungelia, na mimi ningebaki. Sikutaka kubaki."

"Mwanangu alilia mbele yangu. Nilibaki kwa ajili yako."

"Mimi sikukuomba."

Maneno hayo yalimkata maini. Alishika ukingo wa lori, akapapasa mshono wake kwa kidole. Ulikuwa imara.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekushonea hata mapazia ya huko."

Dereva aliona haya. "Mama, nafasi ipo, panda twende."

"Niende kwa nani?"

"Mbuzi nimekuachia wote," wifi akasema upesi, na lori likaondoka.

Aliwachukua mbuzi, kwani hawakuwa na kosa. Akaenda njia panda, akampigia mwanawe kwa simu ya dukani. "Mama, chumba kina mtu sasa," kijana alisema. "Vumilia kidogo." Akavumilia. Wateja wake wa njia panda walizidi kumletea sare za shule na suruali zilizotatuka, na jioni alisema na mbuzi, kwa sauti, bila aibu.

Mvua zilipokwisha alikwenda dukani. Muuza duka akamwambia kwa furaha, "Wifi yako kapiga simu. Anakusalimu sana, anauliza utamtembelea lini."

"Mwambie salamu zimefika," Mama Cherehani alisema. Akaomba uzi mweusi, akachagua wenye rangi isiyochuja, akashika njia ya kurudi.