Damu Tamu za Dzaleka

Vénérande wa Bukavu alijaliwa kushona, kuimbisha kwaya na kutoa amri, na hili la mwisho hakuhitaji cherehani kulifanya. Mwaka 2014, akiwa mjamzito, aliwaongoza wajawazito wenzake wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kama waimbaji: yeye anaanza, wao wanadakia.

Watafiti wa Lilongwe walikuwa wakipekua rekodi za afya za nchi nzima, wajue wajawazito wangapi hupata kisukari. Dzaleka nayo ikatakiwa kupeleka vipimo. Darlène, muuguzi wa kliniki ya kambi, akawaambia wasile kitu tangu jioni, asubuhi waje kutolewa damu.

Kwa kufunga, hapo alikuwa amefika kwa mafundi. Kanisani kwa Vénérande watu hufunga mpaka alasiri, ila chai ya maziwa na sukari hupita kooni bila kumkwaza Roho Mtakatifu. Alfajiri akapika sufuria nzima, wenzake wakanywa, wakaenda kliniki wakiimba.

Damu zote zikatoka tamu. Mtafiti aliyekuja na kompyuta yake alizitazama kana kwamba amegundua kabila jipya. Akaanza kuzungumzia vita, urithi na vyakula vya Wakongomani. Nadhani alikwisha kujiona mkutanoni Geneva.

Darlène, mzaliwa wa Uvira, anawajua watu wake. Akamvuta Vénérande pembeni.

“Mama, asubuhi mulikula nini?”

“Hatukukula kitu. Tulikunywa tu chai.”

“Na sukari?”

“We unakunywaka chai bila sukari? Uko mugonjwa?”

Darlène hakucheka. Alimweleza kwamba vipimo hivyo havifai tena, na mwenye kisukari cha kweli kati yao hataonekana.

“Mutoto wako wa mwisho alikuwa mukubwa sana, na alizaliwa bila kulia. Huyu naye unataka tubahatishe?”

Vénérande, ambaye hata mchungaji hajawahi kumsikia akiomba msamaha, akasimama mbele ya wanawake na kukiri kwamba kosa lilikuwa sufuria yake. Walimcheka mpaka wakashika matumbo, na matumbo yenyewe yalikuwa makubwa.

Kesho yake walirudi na maji matupu tumboni. Sukari za wenzake zikashuka. Yake ikakataa.

Basi akaanzishiwa dawa, na siku zilipotimia akapelekwa hospitali ya Lilongwe, madaktari wakimngoja. Binti alitoka akipiga kelele hadi muuguzi akaitaka radhi wodi nzima, kisha akamwomba mama ambembeleze.

“Mumuache,” akasema Vénérande. “Alie.”