Mpaka Niliouonyesha Giakanja

Juma lililopita nilirudi Giakanja wanangu wagawane shamba. Mpima ardhi alisimama katikati ya kahawa akauliza mbona pameota matoka. Matoka, rafiki yangu, ni mmea ambao kwetu hupandwa mpakani. Ukiung'oa vibaya, kiazi chake hubaki ardhini, na hicho hakifi upesi. Mwanangu alisema ni magugu.

Utotoni mwangu, miaka ya hali ya hatari, wakoloni walipopambana na wapigania uhuru, tulifungiwa kijijini. Asubuhi filimbi ililia na wanawake wakatoka na majembe kuchimba handaki la kutuzungushia sisi wenyewe. Hawakulipwa, aliyechelewa alichapwa. Baba yangu alikuwa homgadi, askari mwenyeji wa upande wa mkoloni, mmoja wa waliowasimamia na bunduki. Mama alikuwa amekufa kwa homa. Aliyenilisha ni jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa kizuizini. Alirudi jioni na matope hadi magotini, akafukia viazi vitamu kwenye jivu, akanipa kikubwa kuliko vya wanawe. Harufu ya ganda lile lililoungua ningali naijua.

Vita vilipotulia, tukaambiwa ni wakati wa kujenga upya. Wazee wa kamati ya ardhi walipita mashambani wakipima kila mtu apate kipande kimoja. Waliokuwa kizuizini hawakuwa na wa kuwasemea. Siku moja kabla ya zamu yetu, baba alinituma ning'oe matoka yaliyotutenga na jirani. Niliyang'oa, nikayatupa mtoni.

Kesho yake jirani aliwaambia wazee mpaka ulipita pale nilipong'oa. Baba akasema ni kule chini, kwenye kisiki.

Mzee mmoja akanicheka. "Mbona tubishane? Huyu ndiye huchunga mbuzi hapa. Viboko alivyokula kwa kuvuka havijamtoka mgongoni."

Wakacheka wote. Jirani hakucheka. "Sema tu, baba," aliniambia, maana mama zetu huwaita hivyo watoto wa kiume. "Mimi na wewe tunapajua."

Nilinyoosha kidole kwenye kisiki.

"Utakuwa mtu mkubwa wewe," jirani akaniambia. "Umeanza mapema."

Kilichobaki hakikumtosha, akachukua wanawe akaenda ardhi kavu ya upande wa Chaka. Mumewe alipoachiliwa alikuta miche yetu ya kahawa imeshika kwake. Kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha sekondari. Uhuru ulipokuja, baba alipanda jukwaani akasema sote tuliupigania, na wanaume waliotoka kizuizini wakasimama nyuma. Maneno hayo hayo nimeyasema mimi pia, kila uchaguzi.

Ningeweza kujitetea kwamba nilikuwa mtoto. Lakini mtoto huyo alikua, na mtu mzima hakwenda Chaka hadi alipozeeka. Nilipofika, niliambiwa jirani alikufa zamani na wanawe wametawanyika, hakuna ajuaye walikoelekea.

Basi siku ile ya mpima ardhi, kabla vigingi havijapigwa, niliwaeleza wanangu yote.

"Mzee, hayo yalipita," mkubwa wao akasema. "Sasa unataka tumpe nani?"

Handaki lilifukiwa, kisiki kilioza, wazee wa kamati wote wako makaburini. Tuliobaki tunaopajua ni mimi na ule mmea.

Mwanangu alichukua jembe akaung'oa. Nilimtazama alivyochimba: juu juu, kama nilivyochimba mimi.