Aliyekula Ameelekea Ukutani

Chama cha sinema cha Hyderabad kimeniomba ukurasa mmoja kuhusu marehemu mume wangu, Pisupati Sekharam, usomwe kabla ya kuonyeshwa filamu yake ya *Ua wa Nyuma*. Wangependa niandike sifa. Nimesoma, baba yangu alifundisha Kisanskriti chuoni, na sifa najua kuziandika. Lakini nimesikia yanayosemwa hapa Tenali: kwamba mwanamke wa filamu ile alikuwa mtumishi wetu, na kwamba tulimlaza njaa. Heri niyaseme mwenyewe kuliko ukoo wetu kusemwa na wasiotujua.

Sekharam alianzia Madras, akiwatajia waigizaji maneno yao huku wakipakwa poda. Alipopewa filamu ya kwanza kuiongoza, aliishusha kamera chini kabisa. Mpiga picha akanung'unika, "Mzee, watu wamelipa kuja kuona magoti ya shujaa?"

"Ukikaa jikoni na wanawake," akamjibu, "dunia unaiona kwa kimo hiki."

Wasambazaji walidai nyimbo, akawapa, ila ziliimbwa na mtu anayesaga au anayeanua nguo, bila kundi la wachezaji nyuma yake. Mazungumzo hakuyaandika. Alimnong'oneza mwigizaji mara moja tu. Akisahau, aseme lake. Hakuna filamu yake iliyotimiza siku mia kwenye majumba ya sinema, na kwetu asiyetimiza siku mia hahesabiwi kuwa ameshinda. Lakini walioziona walisema wamesikia mama zao wakiongea.

Sasa niseme habari za wifi yangu, Visalakshi, dada mkubwa wa Sekharam. Mumewe alimrudisha kwao kabla ndoa haijakomaa. Nilipoolewa nilimkuta anaheshimiwa mtaa mzima kwa funga zake. Jumatatu alifunga kwa ajili ya mungu Shiva, Jumamosi kwa ajili ya mungu Venkateswara, na kulikuwa na siku nyingine ambazo hata kuhani alikuwa amezisahau. Mwenye nadhiri alimwendea yeye amwelekeze. Mwanamke aliyerudishwa hana la kujivunia kwetu. Yeye alikuwa na hilo moja.

Katika *Ua wa Nyuma* yumo binti aliyerudishwa kwao. Wanaume wanakula, kisha watoto, kisha mama na wake za kaka. Yeye wa mwisho anafunua sufuria, anakuta tonge moja. Kutoka barazani mama anauliza, "Umekula?" Anafunika sufuria. "Leo nimefunga." Basi, hakuna zaidi.

Filamu ilipofika Tenali, wanawake wa mtaani walimchukua Visalakshi kwenye onyesho la asubuhi, wakamketisha katikati kama bibi harusi, maana ni kazi ya mdogo wake. Mimi nilikaa pembeni yake. Maneno yale yaliposemwa, vichwa vya safu yetu vikaanza kumgeukia. Seshamma, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akainama na kusema, "Dada Visalakshi, kumbe Shiva wako alikuwa sufuria tupu."

Wakacheka. Visalakshi akacheka pamoja nao. Kicheko chake hicho ndicho kinachonichoma uso mpaka leo.

Mchana Sekharam alifika kutoka Madras, shada la maua lingali shingoni. Dada yake alikuwa amekaa jikoni.

"Sekharam, kamera uliiweka wapi?"

"Mlangoni, dada. Karibu na kizingiti."

"Pale ulipokuwa ukikaa kula kwenye jani lako la mgomba, ulipokuwa mtoto."

Akalivua shada.

"Nilidhani nimewaficha wote. Kumbe uliniona."

"Nilikuona, dada."

"Jani lako lilikuwa na wali?"

"Lilikuwa nao."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Mama mkwe wangu hakuwa mchoyo, na mchele haukupungua ghalani. Ni utaratibu wa kula tu. Kila nyumba ya heshima ilikuwa nao. Nimeyarudia maneno haya miaka mingi, na bado hayajanisafisha uso.

Tangu siku hiyo Visalakshi hakula nyumbani kwetu mtu yeyote akimwona. Sekharam akawa anampakulia kwanza, kwa mkono wake mwenyewe: wali, dengu, samli, achari ya majani machachu ya gongura. Jibu likawa lile lile, "Leo nimefunga," na nani angempinga? Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka kiwiko. Nilimsihi kwa heshima ya ukoo.

"Wifi," akaniambia, "ukoo ushibe kwanza."

Hatimaye, adhuhuri moja, Sekharam alitandika majani mawili sakafuni, akampakulia, akakaa mbele yake akisubiri. Dada yake hakugusa wali.

"Mtu atamezaje ukimkodolea hivyo? Unatazama kama umelipwa."

"Nifanye nini, dada?"

"Geuka."

Akalichukua jani lake, akakaa ameelekea ukutani. Nyuma yake nikamsikia Visalakshi akichanganya wali na dengu, kisha akitafuna. Mabega ya Sekharam yalitikisika. Mimi nikajifanya nachota mtindi.

Sekharam alikula hivyo mpaka alipofariki. Waigizaji wenye majina makubwa walikuja, wakamkuta ameupa ukuta uso, nami nikawa nawaambia macho yake hayapendi mwanga.

Wachambuzi wameandika kwamba baada ya *Ua wa Nyuma* aliishiwa, kwamba kamera yake ilipanda ikawa kama ya kila mtu. Hakuishiwa. Nilimwona kwenye seti: aliishusha sakafuni, akachungulia, kisha akawaambia vijana waipandishe.

Barua ya chama ilipokuja, nilimsomea Visalakshi. Sasa ni mzee, husikia kwa sikio moja. Nikamuuliza kama tukatae.

"Waonyeshe," akasema. "Yule msichana aliigiza vizuri. Mimi sitakwenda. Siku hiyo ni Jumatatu."

"Umefunga?"

"Jumatatu nafunga, wifi. Hujui?"

Jumatatu hiyo, kabla ya kupanda gari kwenda Hyderabad, nitapika wali wa kutosha, niuache jikoni bila kuufunika, na nitoke.