Nilivyomsalimia Marehemu

Kosa langu lilikuwa kudhani "mwangaluka" inafaa hata kuaga. Mimi ni mwimbaji wa injili wa Bariadi mjini. Kilingala na Kizulu nimejifundisha kwenye simu, lakini Kisukuma cha nyumbani nakibahatisha. Mjane mmoja wa Nkololo aliomba jambo moja tu: mumewe aagwe kwa Kisukuma. Nilifanya mazoezi siku tatu mbele ya kioo.

Alasiri, kando ya jeneza, nikafumba macho nikaimba, "Mwangaluka, babu, mwangaluka."



"Mjukuu," mjane akasema taratibu, "hiyo ni salamu ya asubuhi. Unataka aamke akuitikie?"

Waombolezaji wakacheka, na yeye pia, huku akifuta machozi. Akanifundisha maneno palepale, nikaimba upya.

Siku hizi sirekodi Kisukuma kabla bibi huyo hajanisikiliza.