Mwonja Kahawa Aliyeshindwa Kutema

Mukabaranga alikuwa na miaka hamsini na mitatu ulimi wake ulipogunduliwa. Alikuwa mchambuzi katika kituo kimoja cha kuoshea kahawa huko Gitambi, akiinama kutwa nzima juu ya vitanda vya kuanikia na kutoa punje mbovu kwa vidole. Siku hiyo aliitwa kuosha vikombe kwenye chumba cha waonjaji. Akaonja masalio ya kikombe kimoja, akasema, "Hii iko na ladha ya kiazi kibichi."

Kubwimana, mkuu wa kituo, aliacha kuandika. Waonjaji watatu walikuwa wamekwisha kukipitisha kikombe kile. Wakaonja upya, na kweli, ladha ya kiazi, dosari inayoharibu bei ya kahawa, ilikuwemo.

Mwezi haukuisha Mukabaranga akafanywa mwonjaji. Kazi yenyewe ni kuvuta kahawa kutoka kwenye kijiko, kuizungusha mdomoni, kisha kuitema kwenye kopo. Hapo kwenye kutema ndipo aliposhindwa. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na mama yake aliwalea watoto wake kwa sheria kali ya mezani: kutema mbele ya watu ni tusi. Basi akawa anainamia kopo kama wenzake, lakini anameza. Vijiko arobaini, siku nyingine sitini, na vingi vyake baada ya chakula cha mchana.

Usingizi ukamhama. Alilala chali huku moyo ukimwenda mbio, na asubuhi kichwa kikiwa kizito alikunywa kikombe kizima cha kahawa ili aamke vizuri. Mikono ikaanza kumtetemeka. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Mukabaranga akaamini zamu yake imefika. Hakumwambia mtu. Akaanza tu kupanga mambo: kitenge chake kizuri akampa dada yake, na akamwonyesha binti yake Dusabe mahali zilipo karatasi za shamba.

Mume wake, Ndagijimana, alikuwa mtu wa maneno machache, aliyelima mpunga Bugarama hadi magoti yakamkatalia. Jioni moja aliketi karibu naye jikoni.

"Maman Dusabe, unagawa vitu kama muntu mwenye anahama. Unaenda wapi?"

Ndipo Mukabaranga alipolia, akamweleza yote. Kesho yake asubuhi walienda pamoja kituo cha afya.

Muuguzi Uwineza alimpima presha, akaikuta imepanda kidogo. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Maman, kahawa unakunywaka?"

"Kikombe kimoja, asubui."

"Na ku kazi?"

"Ku kazi sinywake. Ninaonjaka tu."

"Na kisha kuonja, unatemaka?"

Mukabaranga akatazama sakafu. Ndagijimana akamtazama mke wake.

"Ninamezaka," akasema kwa sauti ndogo.

Uwineza hakucheka. Alimweleza kwamba ndani ya kahawa mna kafeini, na kafeini haina haraka ya kutoka mwilini. Ile anayoimeza saa kumi za alasiri, karibu nusu yake ingali inafanya kazi saa nne za usiku. Inakimbiza moyo, inatetemesha mikono, na kwa wengine inapandisha presha. "Asiyelala anachoka, anakunywa ingine, halafu tena halale. Ku kazi uteme, na ya asubui punguza pole pole, kichwa kisikuume sana. Urudi kisha juma mbili, nipime tena."

Njiani Mukabaranga alisema, "Nitatema namna gani mbele ya bale bantu, Papa Dusabe?"

 Walipofika nyumbani Ndagijimana alichukua beseni, akaliweka nyuma ya jiko, akajaza maji kwenye kikombe na kuleta kijiko. Akavuta maji, akatema. Yakamwishia kifuani, shati likalowa. Mke wake akacheka hadi akashika ukuta.

"Sasa weye," akasema Ndagijimana. "Miye ni bwana yako. Ukiweza mbele yangu, utaweza mbele yabo."

Mukabaranga alijaribu mara nne, kila mara akameza. Mara ya tano alifumba macho, akatema. Wazee wawili wakaendelea hivyo mpaka kikombe kikaisha.

Kazini alimwomba Kubwimana aonje asubuhi tu, na apewe kopo lake lenye mfuniko. Kubwimana alikubali bila swali. Siku tatu za kwanza kichwa kilimgonga. Halafu mikono ikatulia, na alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka.

Jumapili iliyofuata wanawake wa kwaya anayoimba walimpitia alfajiri waende kanisani, kama kawaida yao. Walimkuta Ndagijimana amesimama kwenye kizingiti, mkono mmoja juu ya mlango.

"Angali analala," akawaambia kwa kunong'ona. "Mutangulie. Nitamuleta miye mwenyewe."